Kasa ya Marcelė

Sejny, 9 Machi 1992

Dada Elvyra,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Algis na binti yenu Rasa, na kwamba theluji ya huko Veisiejai imeshaanza kulegea kama ya huku kwetu. Sisi hatujambo. Mke wangu Halina bado anakohoa, ila kukohoa hakumzuii kusema. Ng'ombe wawili wamezaa, ndama wote madume, basi shukrani zetu ni nusunusu. Mjukuu wetu Kinga ametimiza miaka mitano na hali kitu isipokuwa viazi.

Sijui kama telegramu yangu ya Januari ilivuka mpaka. Kama haikuvuka, pokea habari hapa, nami nikupe pole kabla hujanipa: mama yangu amefariki. Hapa kwetu aliitwa Marcela, huko kwenu ni mama yako mkubwa Marcelė. Tulimzika kwenye baridi ambayo wachimbaji walilazimika kuwasha moto juu ya ardhi kwanza, ndipo majembe yakakubali kuingia. Watu walikuja wengi. Padre alisema maneno mazuri na mafupi, kwa sababu ya baridi hiyohiyo.

Utashangaa kuona mwandiko wangu. Barua za Krismasi zilikuwa kazi ya mama zetu, na mama yako Domicelė alipotutoka ukaendelea wewe. Mama alikuwa akiupokea ule mkate wako mwembamba wa Krismasi, anauvunja mezani, na kipande cha kwanza anakula yeye, amegeukia dirishani. Mimi nilikuwa nabandua stempu tu.

Sasa lililonifanya nishike kalamu. Siku zake za mwisho mama alirudi kwenye lugha yenu. Unajua baba yangu Stanisław, Mungu amrehemu, alisema chini ya paa lake ni lugha moja tu, Kipolandi. Basi mama Kilithuania chake alikitumia zizini, na ng'ombe. Mimi nimekipata kwa njia hiyo: najua simama, usisogee, mguu, maziwa. Alipoanza kunisemesha kama alivyosemesha ng'ombe, nikaelewa machache. Lakini jambo moja nililielewa vizuri, maana alilirudia mpaka sauti ikamkauka: anataka pesa zake. Pesa zake, ziko kwa Domicelė.

Dada, sikuulizi kwa ubaya. Nataka kujua tu, mama aliacha pesa gani kwa mama mdogo? Sizitaki. Ila mwanamke huyu hakuwahi kuuliza bei ya kitu maisha yake yote, na amekufa akiulizia pesa. Linaniuma. Namkumbuka sasa na kitu cha kwanza ninachokikumbuka ni hicho. Nikijua ni pesa gani, pengine nitaelewa, na nitamkumbuka tena kama zamani.

Msalimie Algis. Mguu wake umepona?

Nduguyo,
Bronisław


Veisiejai, 27 Aprili 1992

Kaka Bronek,

Milele amina. Barua yako imefika Jumatano ya kabla ya Pasaka, bahasha imefunguliwa na kubandikwa tena, sijui na nani, wala haina siri. Telegramu haikufika kabisa. Nilikaa na barua yako dukani, nyuma ya kaunta, wateja wamepanga foleni, nikalia mbele yao. Hakuna aliyelalamika. Bibi mmoja alinyoosha mkono akanipa leso yake, halafu akaomba sabuni.

Poleni sana. Nimemwombea misa mama mkubwa hapa, na tumewasha mshumaa kwenye kaburi la mama, ili aliye chini naye apate habari. Kipolandi changu nimefundishwa na mama, kwa hiyo makosa yake nayo ni ya mama, usiyacheke.

Sisi wazima. Maji ya moto yamekatwa tangu Februari, petroli ni hadithi, na sasa wanasema pesa zetu zitabadilishwa na karatasi nyingine. Mimi ndiye ninayekaa kwenye sanduku la kulipia dukani, basi hasira za mji mzima zinapitia kwangu. Mguu wa Algis umepona lakini hajataka jambo hilo lijulikane, maana kuni bado hazijapasuliwa. Rasa yuko Vilnius chuoni, anasoma mambo ya lugha. Ukimuuliza saa ngapi, anakueleza kwanza neno saa limetoka wapi.

Kuhusu hilo uliloniuliza. Bronek, hakuna pesa. Hazikuwepo, hazijawahi kuwepo. Mama yangu alifua nguo za hospitali miaka yote, na alipofariki alikuwa na koti moja, lile alilovaa. Kama mama mkubwa angemwachia kitu cha thamani ya pesa, mama angekitembeza kwa miguu mpaka mpakani akakisukuma chini ya waya.

Jinsi mama yako alivyotoka nyumbani kwa babu Motiejus ni habari nyingine. Mama aliniambia mara moja tu, akaniapisha nisiwaambie watu wa upande wenu. Sitaifukua kwa ajili ya pesa ambazo hazipo.

Mbusu Kinga. Mwambie viazi pekee havikuzi nywele.

Elvyra


Sejny, 30 Mei 1992

Dada Elvyra,

Salamu kutoka kwetu. Korongo wamerudi kwenye nguzo ya umeme, wakamwangushia Halina chura kwenye nguo alizoanika. Kikohozi kimekwisha, amebaki na maneno matupu.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, halafu nikafanya kosa la kumsomea Halina. Akaweka kisu cha viazi chini. "Bronek," anasema, "mtu akikwambia 'sitaifukua', ujue kuna kitu amefukia." Nikamwambia usiseme hivyo, yule ni ndugu. "Ndugu ndiye anayejua pa kufukia!" Ndivyo alivyo mke wangu, usimchukie. Lakini nami, nikiwa peke yangu zizini, nilijikuta nawaza yaleyale.

Nielewe. Ulinijibu pesa hakuna, halafu papo hapo ukaniambia kuna habari umeapa kutonieleza. Mtu anaapishwa kwa jambo dogo? Kama kulikuwa na kitu kikatumika wakati wa shida, sema. Vita ilikuwa imetoka tu kuisha na watu walikuwa wanakula magome. Sitasema neno. Lakini usiniache nikiamini kwamba mama yangu alifariki akiwa na tamaa, au amechanganyikiwa, kumbe alikuwa anasema kweli.

Hiyo ndiyo shida yangu, wala sina nyingine. Akili zake zilikuwa nzima. Alijua leo ni siku gani. Alijua ng'ombe yupi hajakamuliwa.

Bronisław


Veisiejai, 21 Juni 1992

Kaka Bronisław,

Sisi wazima. Nyasi nzuri mwaka huu.

Mama yangu hakula kitu cha dada yake. Nakuandikia hili mara moja.

Nina swali moja. Mama mkubwa alisema nini? Sitaki maana yake, nataka neno lenyewe, kama lilivyotoka mdomoni, kwa lugha aliyolisemea. Algis anasema nisikuulize, nikutie tu kwenye hesabu ya watu waliokwisha. Nakuuliza hata hivyo.

Ukiona huna haja ya kujibu, usijibu. Na Krismasi mkate hautakuja, kwa sababu siwezi kumvunjia mkate mtu anayemwita mama yangu mwizi.

Elvyra


Sejny, 20 Septemba 1992

Mdogo wangu Elvyra,

Najua nimechelewa. Ningeweza kusema ni nyasi, halafu mavuno, halafu viazi, na yote yangekuwa kweli. Lakini barua yako ilikaa nyuma ya saa ya ukutani tangu Julai kwa sababu ilinikasirisha. Niliona unanitega. Neno, neno, kuna haja gani ya neno wakati maana ninayo? Kila nilipotazama saa niliiona imechungulia, nikajua ni saa ngapi na kwamba mimi ni mkaidi.

Sasa sikiliza. Jumamosi iliyopita Halina alinituma Puńsk sokoni na jibini. Unajua Puńsk, ni upande wetu wa mpaka lakini ukikohoa pale unajibiwa Kilithuania. Nimesimama na jibini langu. Pembeni yangu mama mmoja anauza vitunguu, kambana mjukuu wake katikati ya magoti, anamsuka. Mtoto anajinyonganyonga kama samaki. Yule mama anamkaripia kwa Kilithuania, nami nacheka moyoni, kwa sababu nilikuwa naelewa kila kitu: simama! usisogee! weka mguu huku! Maneno yote ya ng'ombe, Elvyra. Ya zizi letu. Sauti yenyewe ilikuwa ya mama.

Halafu akasema: "Usisogee, nimalize kasa."

Nikageuka. Nikatafuta kwa macho kisanduku cha pesa. Hakipo. Noti zake alikuwa ameziweka kifuani. Alichokuwa nacho mkononi ni nywele za mtoto, msuko mmoja mnene, anaufunga utepe mwishoni. "Haya, kasa imekwisha, nenda," akampiga kofi dogo la mgongoni, mtoto akakimbia na msuko unaruka nyuma.

Mteja aliniuliza bei ya jibini, nami nilikuwa bado namtazama yule mtoto. Akaenda kwa mwingine.

Hilo ndilo neno lako, dada. Kasa. "Mano kasa," ndivyo alivyosema, kasa yangu, tena na tena, na jina la mama mdogo. Kwetu kasa ni sanduku la kulipia, ni fedha, hata Kinga anajua. Kwa hiyo nilipolisikia sikuuliza. Lilikuwa neno pekee nililolijua katika maneno yake yote ambalo halikuhusu ng'ombe, nikalishika kama mtu aliyeokota funguo zake.

Kuna jambo jingine sikukuandikia Machi. Nililionea aibu, nikadhani aibu hiyo ni yake. Asubuhi ya mwisho alikuwa bado anasema kasa, kasa. Nikaenda kabatini nikaleta pochi yake, ile ya ngozi ya kahawia, nikamfungua vidole nikamwekea mkononi. Nikamwambia, "Hizi hapa, mama, zote zipo, hakuna aliyechukua." Akaitazama pochi. Akanitazama mimi. Akacheka, kidogo tu, hewa ilimtoka puani. Akaifungua mikono, pochi ikaanguka kando, akafumba macho. Hakunitazama tena.

Nimeishi na kicheko hicho tangu Januari. Nilidhani anacheka kwa sababu pesa zenyewe ni chache.

Nijibu upesi. Mpe dereva yeyote wa lori anayekuja huku, nitampa siagi.

Bronek


Veisiejai, 8 Oktoba 1992

Kaka yangu Bronek,

Barua hii anakuletea dereva wa maziwa, jina lake Kęstutis, mpe siagi uliyoahidi maana ameshaanza kuiulizia.

Sisi wazima sote. Nimeisoma barua yako mara nyingi nikiwa nimesimama. Algis akaniuliza, "Nani tena amekufa?" Nikamwambia hakuna, kuna mtu amefufuka.

Kasa ni msuko, kaka. Kwetu ni msuko wa nywele. Ni kweli kwamba hata sisi sanduku la kulipia tunaliita hivyohivyo, mimi mwenyewe siku nzima nakaa kwenye kasa na kasa imenilalia mgongoni, na wateja wana mzaha wao wa zamani juu ya hilo ambao sitauandika. Lakini mtu wetu akisema kasa yangu, kwa sauti hiyo, akiwa amelala, hakuna anayekwenda kuleta pochi. Ungeniandikia neno lenyewe Machi tungemaliza kabla ya Pasaka. Wewe ulilitafsiri kwanza, ukanipa pesa. Na mimi, nilipoona pesa, nikakasirika kabla ya kuuliza. Mama alikuwa akisema hasira ni hasara, nami nilidhani anawaambia wengine.

Sasa naivunja ahadi niliyoapa. Walioniapisha na waliofichwa siri wote wako chini ya udongo, naona nimeruhusiwa.

Mama yako alipotaka kuolewa na Stanisław, babu Motiejus alikataa. Stanisław alikuwa Mpolandi, na babu alikuwa na mambo yake na Wapolandi tangu ujana, mambo ya mashamba na kanisa, nani aimbe kwa lugha gani. Siku ya kuondoka, mama yako amefunga mzigo, babu amekaa mezani. Akamwambia: "Ukitoka na huyo, mimi sina binti."

Pale ukutani palitundikwa mkasi wa kunyolea kondoo. Mama yako akautungua, akashika msuko wake, ulikuwa unamfika kiunoni, akaukata hapa shingoni. Akauweka mezani kando ya mkate. "Binti yako huyu hapa, baba. Anabaki. Anayeondoka ni mke wa Stanisław." Akajifunga kitambaa kichwani, akatoka.

Babu akakaa. Halafu akamwambia mama yangu, alikuwa msichana mdogo bado: "Domicelė, tia motoni."

Mama akauchukua. Karibu na jiko palikuwa na fungu la kitani kilichochanwa tayari kwa kusokota, rangi yake ni ileile, kijivu cha dhahabu. Akamgeuzia babu mgongo, akatia motoni kitani, msuko akausukuma ndani ya gauni lake. Kitani kikawaka.

Unajua nywele zikiungua zinavyonuka, Bronek. Ukiunguza nywele tatu jirani anajua. Nyumba haikunuka kitu. Babu akavuta hewa puani, mama alimwona. Akavuta tena. Kisha akakata mkate, akala, na mpaka anaingia kaburini hakuuliza. Ila kila masika mama alipopangua sanduku lake la vitambaa kuvianika, babu alikuwa anatoka nje kuangalia mizinga ya nyuki, hata kama theluji bado imefika magotini.

Barua ya kwanza iliyoruhusiwa kuvuka, mama alimwandikia dada yake maneno machache tu: kasa yako iko kwangu. Mama mkubwa akajibu: iache hapo, nitaifuata, ila mume wangu asijue. Hakutaka baba yako ajue kwamba sehemu yake moja haikuhama. Ndicho kiapo chenyewe. Mipaka ikafungwa, vibali vikaombwa, vikakataliwa, wakazeeka. Mimi nilijua umo sandukuni, nikiugusa kila mwaka kama mtu anavyogusa sufu, lakini ulipoandika pesa sikuwaza kabisa nywele.

Nimemwambia Rasa kwenye simu. Alipiga kelele za furaha mpaka opereta akaingilia. Anasema hayo ni maneno mawili yaliyokutana njiani yakavaa koti moja. La pesa lilianzia kwa Wataliani, waliliita hivyo sanduku la fedha, likatembea na wafanyabiashara likafika kwenu, na sisi likatufikia. La nywele halikuletwa na mtu. Lilikuwepo, limetokana na kuchana nywele, tangu wazee wetu na wazee wenu walipokuwa wanasikilizana bila mkalimani. Anasema hata Wapolandi wa zamani walikuwa nalo, wakilitamka kosa, wakimaanisha msuko, lakini mkaliacha likapotea, na kosa mnayoijua sasa ni ile ya kufyekea nyasi tu. Angalia basi. Mlikuwa nalo mkalisahau. Ungezaliwa mapema kidogo ungemwelewa mama yako.

Na sasa kuhusu kicheko. Nimekifikiria nikiwa kazini, nikarudisha chenji vibaya mara mbili. Mama mkubwa alijua lugha zote mbili, kaka, kuliko wewe na mimi tukiunganishwa. Ameomba msuko wake. Mwanawe, mtu mzima mwenye mvi, anakimbia kabatini, anamletea pochi, anamwapia kwamba hakuna aliyeiba. Aliona wapi neno lilikoteleza. Mimi ningecheka mpaka nikohoe. Bronek, hukumuumiza. Ulimchekesha. Ni wangapi wanaondoka duniani wamechekeshwa na mtoto wao?

Msuko siupeleki posta, siiamini. Mimi siwezi kutoka, dukani wananibana na hizi karatasi mpya za pesa. Rasa anapita kwenu mwisho wa mwezi akienda Warsaw na wenzake. Atakuletea mkononi. Mpokee vizuri, anakula kila kitu.

Dada yako,
Elvyra


Sejny, 4 Novemba 1992

Dada yangu Elvyra,

Tumsifu Yesu Kristo, na asante kwa mtoto. Rasa alifika salama, alikula, akalala, akala tena. Halina amempenda mpaka amempa soksi zangu. Anasema, "Huyu amefanana na mama mkwe," na machozi yanamtoka, mwanamke aliyeniambia umefukia hazina. Nilimkumbusha maneno yake. Akaniambia, "Nilisema kweli, alikuwa amefukia, sivyo?" Hashindwi.

Lazima nikueleze ya mpakani, maana Rasa alisema utataka kujua na yeye hataandika. Basi lao lilisimama foleni usiku kucha. Asubuhi mlinzi wa upande wenu akaingia, akagusa kifurushi. "Kwenye kitambaa kuna nini?"

"Kasa."

"Ya nani?"

"Ya bibi yangu."

"Pita, binti," akasema, na akakifunika mwenyewe.

Basi likasogea mpaka kwenye kizuizi chetu. Mlinzi wa kwetu akaingia. "Kwenye kitambaa kuna nini?" Rasa hajalala, anajibu vilevile. "Kasa." Mlinzi akanyooka. "Kiasi gani?" Rasa akapima kwa mkono, kutoka vidoleni mpaka begani: "Kiasi hiki." Dada, walimshusha! Wakaita mkubwa wao. Wakafungua kitambaa juu ya meza ya chuma, watu wazima wanne, wamejiandaa kuhesabu. Kisha yule mkubwa akavua kofia, akasema, "Samahani, bibi," na Rasa hajui kama alikuwa anaambiwa yeye au msuko.

Sikutegemea rangi. Mama ninayemjua mimi alikuwa na mvi tangu nikumbuke, nywele fupi chini ya kitambaa, na nilidhani alizaliwa nazo. Nikafungua kitani nikakuta msichana. Kinga akauweka msuko kando ya wake mbele ya kioo, ukawa uleule, hata wimbi la pale juu ya sikio. "Babu, huyu nani?" Nikamwambia ni bibi yako mkuu kabla hajawa mama yangu. Halafu nikaenda zizini. Ng'ombe wananijua, hawakushangaa.

Siku ya Marehemu Wote tulikwenda makaburini sote, na Rasa. Unajua jinsi panavyokuwa, mishumaa mpaka ukutani, moshi, watu wananong'ona, kila mtu na wake. Nilichimba shimo dogo mbele ya jiwe lenye jina lake, udongo bado ulikuwa laini. Padre alikuwa anapita, akauliza ninapanda nini, na nilipomwambia alisimama nasi akashika taa.

Upande mmoja wa jiwe hilo yupo baba yangu Stanisław. Nilifikiri kwanza kama nina haki kuleta siri ya mke wake pale karibu naye. Halafu nikaona, sasa hivi wamekuwa pamoja kule muda wa kutosha, ameshamwambia.

Nusu ya kitambaa nimeiacha imefunga msuko. Nusu nimeikata nikampa Rasa akurudishie, sanduku lako lisibaki tupu.

Nilikuwa nimemwomba Rasa anifundishe kusema sentensi nzima kwa Kilithuania, nikaikariri njia nzima nikiendesha trekta. Nilipopiga goti ikanipotea yote. Yakabaki yale maneno niliyoyapata zizini, na hilo moja la Puńsk. Basi nikasema nililonalo. "Mama. Kasa." Nikamwekea. Safari hii sikukosea.

Mkate wa Krismasi utume, dada. Kipande cha kwanza nitakula mimi, nimegeukia dirishani, upande wenu.

Kaka yako,
Bronek